Mkono wa Mutinda

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, picha ya kwanza ya paa ilitokea kwenye kioo cha karakana ikiwa imeinama upande wa kulia.

Nzilani aliitazama. Alikuwa fundi wa vyombo katika mji wa Ndani, uliochongwa chini ya ardhi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutotoa maoni juu ya picha moja. Akaomba ya pili. Wavinya, aliyekuwa amejipenyeza ndani ya mwanya wa paa na kamera mkononi, mita chache juu ya nyumba za watu, akapiga ya pili. Nayo ilikuwa imeinama, upande uleule, kiasi kilekile.

"Simama sawasawa," Nzilani alisema kwenye redio.

"Nimesimama kama bibi harusi, fundi. Ungeniona ungenipigia vigelegele."

"Miguu yote miwili imekanyaga?"

"Yote miwili. Na tumbo limebanwa na mwamba. Nikitoka hapa sili chapati tena, naapa."

"Piga ya tatu, kisha ushuke."

Ya tatu haikuwa na tofauti. Mstari wa paa, ambao katika picha za mwezi uliopita ulikuwa umelala kama uso wa meza, sasa uliteremka kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Maelezo yalikuwa mawili tu. Ama paa lilikuwa limeinama, ama kamera ilikuwa imeinama. Ikiwa ni paa, watu wa Mtaa wa Chini walipaswa kutoka mara moja. Ikiwa ni kamera, hawakupaswa kutoka, na kuwatoa bure kulikuwa na bei yake. Juu, kwenye majivu meusi ya vilima vya Chyulu, jua la saa sita halikuwa jambo la mzaha. Mara ya mwisho mtaa ulipohamishwa mchana, wazee wawili na mtoto mchanga walirudishwa wakiwa wamefunikwa shuka.

Kanuni ilikuwa fupi. Siku ya ukaguzi, paa lisipothibitishwa kabla ya saa sita, mtaa unahama. Kanuni haikuuliza kwa nini halikuthibitishwa.

Wavinya aliingia karakana akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Alikuwa mbeba kamera wa mji tangu mvua zilipokatika, huu ukiwa ukaguzi wake wa kwanza, na kabla ya hapo alikuwa akikuza uyoga. Aliiweka kamera mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Ni mimi au ni kamera?" aliuliza.

"Sijui bado."

Nzilani aliishika kamera kwenye kichwa cha lenzi, si kwenye mpini, akaielekeza kwenye mlango wa karakana. Mlango ule ulichongwa katika mwamba wenyewe siku mji ulipoanzishwa, na miimo yake ilikuwa wima. Katika picha, miimo ililala kulia. Akaitoa kamera kwenye mpini, akaipachika chini ya tumbo la droni iliyokuwa imesimama kwenye stendi, akapiga mlango uleule. Miimo ikasimama wima. Akairudisha kwenye mpini. Ikalala.

"Basi si paa," Wavinya alisema, akashusha pumzi. "Wanangu wako chini pale. Ni kamera."

"Ni kamera inaposhikwa kwa mkono," Nzilani alisema. "Ikiwa kwenye droni ni nzima."

"Si tuibebe na droni yake, tung'oe mapanga yake ya kurukia?"

"Droni ina upana wa kitanda. Kwenye mwanya wewe mwenyewe ulibanwa."

"Unanitukana au unanipima?"

"Ninakupima."

Wavinya akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

*

Kamera ile ilishikiliwa na kitulizi, yaani mikono mitatu midogo ya chuma, kila mmoja na mota yake, iliyoiweka picha imetulia hata mbebaji akiyumba. Kitulizi kinapokuwa kwenye droni, droni ndiyo inayokiambia chini ni wapi. Kinapokuwa kwenye mpini, hakina wa kukiambia. Kinategemea mambo mawili: kihisi chake chenyewe, ambacho kila siku ya ukaguzi husawazishwa juu ya Jiwe, kipimo cha usawa cha mji mzima, na mkono.

Mkono lilikuwa jina la kumbukumbu iliyokuwa ndani ya mpini. Mtu akiishika kamera muda mrefu, mpini hujifunza mtetemo wake, mwendo wake, jinsi kifundo chake kinavyolegea akichoka, na mota hujibu kabla yeye hajatetereka. Kumbukumbu hiyo haikuwa na nakala. Milango ya Ndani ilifunguka kwa mtetemo wa mkono wa mwenye nyumba, na anayenakili mkono wa mtu amenakili ufunguo wake. Kwa hiyo kunakili kulikatazwa, na mipini iliundwa isiweze. Mkono uliishi kwa umeme wa betri ndogo isiyochomolewa. Ukiichomoa, mpini unasahau, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Mkono uliokuwa ndani ya mpini ule haukuwa wa Wavinya. Ulikuwa wa Mutinda, mbeba kamera wa kabla yake, aliyepanda Juu mvua zilipokatika akiwa na kamera ya pili ya mji, kwenda kukagua tundu la hewa la kaskazini. Hakurudi. Waliomtafuta walikuta nyayo zake hadi mahali majivu yalipoporomoka, na baada ya hapo hawakukuta kitu. Mutinda alikuwa mume wa Nzilani.

Kuhusu watu wa namna hiyo sheria ya mji ilikuwa wazi. Maadamu mkono wa mtu unaishi katika chombo chochote, mtu huyo anahesabiwa yuko safarini. Jina lake linabaki, maji yake yanapimwa, mlango wake haubadilishwi. Mkono ukifutwa, ameondoka.

Aliyekuwa na haki ya kuufuta ni mwenzi wake peke yake. Nzilani hakuwa amefanya hivyo, na hakuwa amempa mtu yeyote sababu.

*

Saa tatu unusu Mulatya, msimamizi wa Mtaa wa Chini, aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na asubuhi hiyo sauti ilikuwa nyembamba zaidi.

"Fundi, nimeambiwa ni kamera."

"Inaelekea ni kamera."

"Basi nimeshukuru Mungu. Ninyooshee picha tuthibitishe, watu wapike."

"Sijajua kwa nini imeinama."

"Kwani lazima ujue?" Mulatya alikisogelea kioo, akaigeuza picha kwa kidole hadi mstari wa paa ukalala vizuri. "Tazama. Imenyooka. Nimekuwa fundi."

Nzilani aliirudisha picha ilivyokuwa.

"Nikiigeuza bila kujua sababu, nimekuchorea paa unalolitaka," alisema. "Mwezi ujao likiinama kweli, utaligeuza pia."

"Mimi nina wazee kumi na mmoja kule chini, na mjamzito anayehesabu siku. Saa sita nikiwatoa juani, utawachorea nini wao?"

Nzilani aliigeukia kamera. Mulatya alikaa kwenye kiti cha Wavinya, akajifuta shingo.

"Tuseme wazi, basi. Kihisi umekipima?"

"Nimekiweka juu ya Jiwe. Kinasoma sifuri."

Jiwe lilikuwa pale pale katikati ya karakana, bamba la mwamba mweusi lililong'arishwa, kubwa kama godoro, lililolazwa na waanzilishi wa mji kabla hawajachonga hata mlango mmoja. Kila kitu cha Ndani kilichohitaji kuwa sawa kilisawazishwa juu yake: kamera, mizani za dukani, miguu ya vitanda vya zahanati. Watoto walikatazwa kulikalia. Pimamaji ikipingana na Jiwe, pimamaji ndiyo iliyotupwa.

"Kihisi ni kizima," Mulatya alisema. "Mota?"

"Nzima. Nimezijaribu kwenye droni."

"Kimebaki nini?"

Wote watatu walijua kilichobaki. Wavinya alianza kukwangua vumbi kwenye kucha zake.

"Mutinda alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto alipokuwa kijana," Nzilani alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa ameitumia kwa mota. "Kiliunga vibaya. Alikuwa akiishika kamera imelalia kushoto, na mpini ulijifunza kuivuta kulia ili kumsahihisha. Sasa anaishika mtu asiyeilaza kushoto, na mpini unaendelea kuvuta. Upande unalingana. Kiasi kinakaribia. Na picha zilianza kuinama baada ya Wavinya kupewa kazi."

"Mpini si ungekuwa umeshanijifunza mimi?" Wavinya aliuliza.

"Haujifunzi mkono wa pili kabla wa kwanza haujafutwa."

Mulatya aliinuka kitini. Alikuwa amecheza bao na Mutinda jioni nyingi, na mara nyingi alikuwa ameshindwa.

"Mimi sitakuambia la kufanya, fundi," alisema mwishowe. "Saa ndiyo hiyo ukutani."

*

Nzilani alijua kwamba dhana si uthibitisho. Alijua pia kwamba dhana ile ilikuwa na njia moja tu ya kujaribiwa, na kwamba njia hiyo haikuwa na kurudi nyuma. Akaichukua kamera kwenye kichwa cha lenzi, akaifunga kwenye mfuko wake, akashuka ngazi hadi Mtaa wa Chini, kwenye nyumba ya Kalunde, mama yake Mutinda.

Kisheria hakuhitaji idhini ya Kalunde. Lakini kila Jumapili, baada ya kazi, Kalunde alikuwa akipanda karakana, akaketi, akaomba "kusalimia." Nzilani alikuwa akimpa kamera na kutoka nje. Mara moja tu, mlango ulipobaki wazi, alikuwa ameona: mama ameushika mpini kwa mikono miwili, amefumba macho, na kila alipousukuma kidogo, mota zikausukuma mkono wake zikiurudisha, taratibu, kama mtu anayemshika mwenzake kifundo asianguke.

Kalunde alikuwa akichambua kunde mlangoni. Alimwona mkaza mwanawe, akauona mfuko, akaacha kunde.

"Leo si Jumapili."

"Si Jumapili, mama."

"Basi ingia. Habari za kusimama mlangoni sizipendi, huwa mbaya."

Nzilani aliketi akamweleza yote kama yalivyokuwa: paa, mlango, droni, kifundo, saa sita. Hakupunguza neno wala hakuongeza. Kalunde alisikiliza akiwa ameushika ungo magotini.

"Kwa hiyo ni kosa lake," alisema.

"Si kosa. Mpini ulijifunza alivyokuwa."

"Nimesikia. Na ukimfuta, jina linatoka?"

"Linatoka."

"Maji yake?"

"Yanarudi kwa mtaa."

"Nilikuwa nikimwagilia nyanya zangu maji hayo. Yeye hapendi nyanya." Kalunde aliupiga ungo kwa kiganja, kunde zikaruka. "Wewe umekwisha kuamua. Umepita kwangu kunisalimu tu ukiwa njiani."

"Sijaamua."

"Mbona unasema kama umesoma ukutani?"

"Ndivyo ninavyosema, mama. Unanijua."

"Nakujua. Nilimwambia Mutinda, huyu msichana ukimwuliza kama anakupenda atakuletea rula." Hakucheka, lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika. "Usinipe sheria wala kipimo. Wewe unataka nini?"

Nje watoto walikuwa wakikimbizana kwenye njia nyembamba kati ya nyumba, na mmoja wao, wa Wavinya, alikuwa akilia kwamba ameonewa. Nzilani alimsikiliza mtoto hadi aliponyamaza.

"Nataka arudi," alisema. "Nataka nirudi nyumbani nimkute amevua viatu katikati ya mlango, nimgombeze. Tangu aende sijaushika mpini ule. Kamera huwa ninaishika kwenye lenzi. Nikiushika sitaweza kufanya kazi."

Kalunde aliokota kunde moja iliyoruka, akairudisha kwenye ungo.

"Mimi nilidhani huushiki kwa kuwa huamini," alisema. "Nikakuchukia kidogo, Jumapili zile. Nisamehe."

"Hakuna neno."

"Yule anayelia ni wa nani?"

"Wa Wavinya."

"Ana umri gani? Miaka minne? Juani saa sita, na miguu ile." Kalunde aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akainuka. "Fanya. Lakini asifutwe akiwa juu ya meza kama chombo cha mtu. Nitamshika mimi."

*

Saa tano kasoro robo walikuwa karakana, wote wanne. Mulatya alivua kofia alipomwona Kalunde.

"Vaa kofia yako, wewe Mulatya," Kalunde alisema. "Hapa hapana maiti."

Aliketi kwenye kiti cha chini, akaushika mpini kwa mikono miwili. Nzilani alipiga magoti mbele yake na bisibisi, akafungua kifuniko kilicho chini ya mpini. Betri ilikuwa na ukubwa wa mbegu ya boga.

"Anavuta," Kalunde alisema. "Vile alivyokuwa akinivuta sokoni. Twende, mama, twende." Kisha akasema, "Shika na wewe."

"Nina bisibisi."

"Una mikono miwili."

Nzilani aliweka mkono wa kushoto juu ya mpini, kati ya mikono ya mama. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha mkono wake ulitetemeka kidogo, na mota zikaupokea mtetemo ule, zikauvuta, zikauweka sawa. Nguvu yenyewe ilikuwa ndogo sana. Ilikuwa na mdundo wake: polepole mwanzoni, kisha haraka, kisha kusita, kama mtu aliyeshika kitu kizito huku akifikiria jambo jingine. Nzilani aliufahamu mdundo ule. Alikuwa amelala kando yake miaka sita.

Akaichomoa betri kwa mkono wa kulia.

Mpini haukulegea ghafla. Mota ziliendelea kidogo kwa umeme uliobaki, zikivuta na kuachia, kisha zikavuta bila kuachia, kisha hazikuvuta tena. Kalunde aliendelea kuushika.

Baada ya dakika tatu, ambazo ndizo maelekezo yalizitaka, Nzilani alirudisha betri. Taa nyeupe ikawaka: mpini haumjui mtu. Akamwomba Kalunde auachie. Kalunde akauachia. Wavinya, ambaye alikuwa akilia bila sauti, akaichukua kamera, akaisawazisha juu ya Jiwe hadi ikasoma sifuri, akaielekeza mlangoni.

Miimo ya mlango ilikuwa imelala kulia, kiasi kilekile cha asubuhi.

Wavinya akapiga tena, akabadilisha mkono, akapiga tena.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," Kalunde alisema.

"Hakuwa yeye," Nzilani alisema.

Alisimama akitazama kioo. Kulikuwa na jambo alilotaka kulifanya, nalo lilikuwa kuketi sakafuni. Badala yake akaanza kuhesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa, vitu vilivyokuwa vimeguswa na kamera asubuhi ile. Mota, nzima. Mkono, umekwisha. Kihisi kinasoma sifuri. Kinasoma sifuri kikiwa wapi?

Aliinama, akavuta sanduku chini ya meza. Lilikuwa sanduku la pimamaji mbovu, zile zilizopingana na Jiwe, zikisubiri kuyeyushwa. Zilikuwa nyingi kuliko alivyokumbuka. Akazipanga juu ya Jiwe moja baada ya nyingine. Katika kila moja, kipovu cha hewa kilikuwa kimekimbilia upande mmoja, uleule.

"Si ndiyo maana zikatupwa," Mulatya alisema. "Ni mbovu."

"Zote kwa upande mmoja?"

"Zilitengenezwa na mtu mmoja, labda."

Nzilani hakubishana naye. Alichukua uzi, akafunga nati nzito mwishoni, akautundika kwenye boriti ili nati ininginie karibu na ukingo wa Jiwe. Alisubiri hadi timazi likatulia. Kisha akaweka pembemraba, chuma cha kupimia pembe, upande mmoja juu ya Jiwe, upande wa pili kando ya uzi. Juu viligusana. Chini, kati ya chuma na uzi, paliweza kupita kidole. Akalihamishia timazi mlangoni. Uzi na mwimo vilikwenda pamoja kutoka juu hadi chini, bila nafasi.

Mulatya alikuja karibu. Aliingiza kidole chake mwenyewe pale kwenye nafasi, akakitoa, akakiangalia.

"Jiwe?" alisema. Alilisema kama mtu anayetaja jina la baba yake kituo cha polisi.

"Jiwe limeinama. Leo tumeifundisha kamera kwamba mteremko huu ndio usawa, nayo imetuamini. Ikiwa kwenye droni haiamini Jiwe, inaiamini droni. Ndiyo maana ilikuwa ikinyooka."

"Sasa si afadhali? Paa ni zima. Jiwe tutalichongea kabari. Nitathibitisha, watu wapike."

"Bwana Mulatya," Nzilani alisema. "Jiwe limelala juu ya nini?"

Mulatya alitazama sakafu. Wote waliitazama. Chini ya sakafu ile kulikuwa na pango jingine, la zamani zaidi, ambalo waanzilishi waliliona na kuliacha kwa kuwa hewa yake ilikuwa mbaya. Jiwe lilikuwa limeinamia upande wa ngazi. Upande wa ngazi ulikuwa Mtaa wa Chini. Walikuwa wamekagua paa kila mwezi tangu mji uanze, kwa uangalifu mkubwa, na hawakuwahi kukagua sakafu, kwa sababu sakafu ndiko walikosimama wakikagua.

"Tunasubiri saa sita?" Wavinya aliuliza. Tayari alikuwa mlangoni.

"Hapana," Nzilani alisema.

Mulatya alitoka mbio ambazo hakuna aliyemdhania angeziweza, na muda si muda wakasikia chuma cha tahadhari kikigongwa kule chini, bila mpangilio, na sauti yake nyembamba ikiita nyumba moja moja.

*

Mtaa wa Chini ulipanda kwa ngazi za upande wa mashariki, mbali na karakana. Wazee walibebwa kwenye viti. Wavinya alipita na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, akimwambia yule wa mgongoni kwamba akimkaba tena atamwuza kwa wakuza uyoga. Nzilani alikuwa wa mwisho kutoka karakana. Alikuwa ameiacha kamera kwenye stendi, imeelekezwa kwenye timazi, na kioo kidogo cha mkononi kikimwonyesha uzi na pembemraba. Nafasi ya kidole kimoja ikawa ya viwili walipofika ngazi ya pili. Alimpasha Mulatya habari kila nafasi ilipoongezeka, kwa redio, bila kupandisha sauti.

Saa sita na dakika ishirini picha ilionyesha karakana bila Jiwe. Mahali pake palikuwa peusi. Kisha picha ikakatika, na mtikisiko ukafika kwenye ngazi, na baada yake vumbi lenye harufu ya kiberiti. Nyumba saba za Mtaa wa Chini zilifuata, kwa taarifa ya waliokuwa nyuma kabisa na kuziona.

Hawakupanda hadi Juu. Mulatya aliwasimamisha kwenye ukumbi wa mlango mkuu, ambapo mwamba ulikuwa mzima na kivuli kilikuwapo, ingawa joto liliingia kama pumzi ya jiko. Watu waliketi juu ya mabunda yao. Mjamzito aliwekewa shuka lenye maji kichwani. Mulatya alisimama juu ya ndoo, akaanza kuita majina, familia kwa familia, ili ijulikane ni nani amebaki chini. Sauti yake ilikuwa imepotea karibu yote. Kila aliyeitwa aliitika, na watu walikuwa wakihesabu kimoyomoyo, ilionekana midomoni mwao.

"Familia ya Kalunde," aliita. "Kalunde?"

"Nipo."

"Nzilani?"

Nzilani hakuitika. Alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kando yake na leso magotini, akimtazama Mulatya.

"Umeruka," Kalunde alisema.

"Mama, orodha imebadilika tangu asubuhi. Mfumo wenyewe ndio..."

"Sijui mfumo. Familia yangu ina watu watatu na wewe umekula kwangu. Umeruka mtu."

Mulatya alimgeukia Nzilani. Nzilani alijua kanuni, alijua sababu ya kanuni, na alijua kwamba jina linaloitwa wakati wa kuhesabu walio hai ni la aliye hai tu, vinginevyo hesabu haina maana.

"Mwite," alisema.

Mulatya aliita.

"Mutinda?"

Alisubiri kama alivyokuwa amewasubiri wengine. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Kalunde aliikunja leso mara mbili, akailaza magotini, akailainisha kwa kiganja.

"Hayupo," alisema.

Mulatya aliinamisha kichwa, akaitazama orodha, akakuta mahali alipokuwa ameishia.

"Nzilani?"

"Nipo."